Kufungwa na Kufungiwa

Katika miaka niliyofanya kazi ya usaidizi wa kisheria wilayani Ilemela, Mwanza, Ibara ya 15 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano niliisoma mbele ya watu mara nyingi kiasi kwamba midomo iliizoea kuliko akili. Niliisoma kwa ajili ya vijana waliolala mahabusu siku nyingi bila kufikishwa mahakamani, kwa ajili ya mwendesha bodaboda aliyeshikwa kwa kosa la mwenzake, na mara moja kwa ajili ya binti wa kazi ambaye tajiri wake alikuwa akiondoka na ufunguo. Ibara hiyo inakataza mtu “kukamatwa, kufungwa, kufungiwa, kuwekwa kizuizini, kuhamishwa kwa nguvu au kunyang’anywa uhuru wake vinginevyo”, isipokuwa kwa kufuata utaratibu uliowekwa na sheria, au katika kutekeleza hukumu au amri ya mahakama. Siku zote nilidhani kwamba neno “kufungiwa” limewekwa pale kama nakshi baada ya “kufungwa”, kwa jinsi waandishi wa sheria wanavyopenda kurudia jambo moja kwa maneno mengi. Ilibidi shangazi yangu afungiwe ndipo nikaelewa kuwa ni mambo mawili.

Anayefungwa ana kesi, ana hakimu, ana namba na ana siku ya kutoka. Anayefungiwa amefungiwa na mtu, na mara nyingi ni mtu anayempenda. Kile kiungo kidogo kilichoingia katikati ya kitenzi ndicho kile kile tunachokisikia katika kupikiwa na kulimiwa, maneno ya mtu anayetendewa jambo kwa faida yake. Wanaisimu wataniambia kuwa hapa kinaonyesha mahali zaidi kuliko faida, nami sitabishana nao, lakini sikio langu husikia yote mawili kwa pamoja: amefungiwa ndani, na amefungiwa kwa ajili yake. Ugumu wote wa jambo ninalotaka kulizungumza umo ndani ya neno hilo moja.

Shangazi ana miaka 78. Alizaliwa ng’ambo, upande wa Sengerema, katika kijiji ambacho ziwa halifiki hatua mia mbili kutoka mlangoni. Mumewe alikuwa mvuvi wa dagaa, mtu wa kutoka na karabai jioni na kurudi alfajiri, na kwa zaidi ya miaka thelathini kazi ya shangazi ilikuwa kumsubiri mwaloni, pale mitumbwi inapofikia, na kuanika. Miaka michache baada ya kifo cha mumewe kumbukumbu zilianza kumtoka. Yalitangulia majina ya wajukuu, ikafuata chumvi iliyotiwa mara tatu katika mboga moja, na mwishowe akasahau hata kwamba yeye ni mjane. Akawa anaamka saa tisa usiku, anajifunga kanga, anateremka mwaloni kuwauliza wavuvi kama mtumbwi umeonekana.

Msomaji asiye wa huku atadhani kwamba tuliogopa maji. Maji tuliyaogopa, ndiyo. Lakini mtu wa Kanda ya Ziwa anajua kwamba bibi kizee anayekutwa usiku akizunguka peke yake ana hatari nyingine, kwa sababu wanawake wazee wameuawa katika mikoa yetu kwa tuhuma za uchawi, na baadhi yao ushahidi pekee dhidi yao ulikuwa macho mekundu yaliyoharibiwa na moshi wa jikoni. Kwa hiyo baba mdogo alipomvusha kwa kivuko cha Kamanga na kumleta nyumbani kwake Buzuruga, hakuna aliyemuuliza shangazi anaonaje, wala mimi sikumuuliza. Baba mdogo na mkewe huondoka asubuhi, mtu wa kushinda naye hakupatikana, ikawa mlango wa nje unatiwa kufuli hadi saa kumi jioni. Niliseme hili mapema ili nisionekane nawahukumu wengine: kufuli lile nililinunua mimi, pale Makoroboi, na nilichagua lililo imara.

Hali ile ilidumu miezi mitano. Baadaye ndugu walichanga fedha, naye akapelekwa katika kituo cha binafsi cha kulelea wazee, nje kidogo ya mji, ambacho jina lake sitalitaja. Ni mahali safi, chakula ni kizuri, na wahudumu wanawaita wazee kwa heshima. Lipo geti na yupo mlinzi. Mara tatu za kwanza nilizokwenda kumtazama, shangazi alinisindikiza hadi getini akiamini kuwa tunaondoka wote, na mlinzi alipomzuia kwa upole alilia kama mtoto. Safari ya nne matroni aliniita pembeni akaniambia: “Dada, mkija anasumbuka siku mbili nzima, hali wala halali. Tunaomba mpumzike kuja kwa mwezi mmoja hivi, ili azoee.” Nilimuuliza kama shangazi mwenyewe amekataa wageni. Akashangaa, nadhani kwa haki, kwa sababu hakuna aliyewahi kumuuliza swali la namna hiyo. Nilimuuliza pia kuhusu kidonge anachopewa usiku. Akasema ni cha kumtuliza, na kwamba “baba ameshasaini”. Nilionyeshwa fomu. Chini yake, mbele ya maneno “ndugu mwenye mamlaka”, ilikuwapo sahihi ya baba mdogo.

Niliporudi nyumbani usiku ule, kilichonisumbua zaidi ya machozi ya shangazi ni kwamba maneno ya matroni nilikuwa nimeyasoma mahali, karibu yote, katika kesi ya nchi nyingine.

Kesi hiyo ni ya mtu anayejulikana kwa herufi mbili tu, HL. Alikuwa Mwingereza mwenye usonji, asiyeweza kuzungumza, aliyeishi kwa zaidi ya miaka thelathini katika hospitali iitwayo Bournewood, kisha mwaka 1994 akatolewa na kwenda kuishi na mume na mke waliojitolea kumtunza nyumbani kwao. Tarehe 22 Julai 1997 alichafukwa alipokuwa katika kituo cha kushinda mchana, akaanza kujipiga, akapelekwa tena hospitalini. Madaktari hawakumlaza kwa kutumia sheria ya wagonjwa wa akili, kwa hoja kwamba hakukuwa na haja: mgonjwa hakupinga, hakukimbilia mlangoni, na wodi yenyewe haikuwa na kufuli. Wale walezi wawili walizuiwa kumtembelea, kwa kuhofiwa kwamba akiwaona atataka kuondoka nao. Angejaribu kutoka, wangemzuia. Kwa hiyo mtu asiyeweza kusema “nataka kutoka” alihesabiwa kuwa amekubali kubaki.

Mahakama za Uingereza zilivutana. Mahakama ya Rufani iliona kuwa HL alishikiliwa isivyo halali, lakini mwezi Juni 1998 majaji wa Baraza la Malordi, ambalo wakati huo ndilo lililokuwa mahakama ya juu kabisa ya nchi, wakatengua uamuzi huo, watatu kati ya watano wakisema kuwa hakuwa ameshikiliwa kamwe. Mmoja wa wawili waliopinga, Lord Steyn, aliandika kwamba kudai HL alikuwa huru kuondoka ni hadithi ya kutunga. Mwezi Oktoba 2004 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, iliyoko Strasbourg, ilikubaliana na waliopinga. Kwa ninavyoisoma hukumu hiyo, mahakama haikudai kwamba madaktari walikuwa na nia mbaya. Nia yao njema haikutiliwa shaka sana. Kilichokosekana ni utaratibu: hakukuwa na kanuni inayosema nani anaweza kumweka mtu kama huyu, kwa sababu gani, kwa muda gani, na wapi anaweza kupinga. Watu wa hospitali walishika maisha yake yote mkononi na hakuna aliyewauliza chochote.

Nimeisoma hukumu hiyo mara kadhaa tangu hapo, na kila mara ninasimama pale panapozungumzwa walezi kuzuiwa wasimtembelee, kwa sababu hapo ndipo upole unapogeuka bila mtu kuona. Kumzuia mgeni ili mgonjwa atulie ni jambo linaloweza kuelezwa kwa sauti ya huruma kabisa, na anayelieleza anaweza kuwa mkweli. Lakini mgeni ndiye mtu pekee wa nje anayeona. Ukimwondoa, mwenye ufunguo anabaki kuwa shahidi, daktari, hakimu na mlinzi kwa wakati mmoja, na utulivu wa mgonjwa unahesabiwa kuwa ushahidi kwamba amezoea. Sijui mtu yeyote aliyefungiwa kwa muda mrefu ambaye hakuzoea.

Uingereza iliijibu hukumu hiyo kwa kuongeza ndani ya Sheria ya Uwezo wa Kiakili ya mwaka 2005 kinga maalumu kwa watu walionyimwa uhuru katika hospitali na nyumba za matunzo, nazo zikaanza kutumika Aprili 2009 katika England na Wales. Kwa ufupi, kituo kinachoona kuwa hakina budi kumzuia mtu asiye na uwezo wa kuamua lazima kiombe kibali kwa halmashauri. Halmashauri hutuma wapimaji, akiwamo daktari na mwingine ambaye kazi yake ni kuuliza kama zuio hilo kweli lina manufaa kwa mhusika na kama hakuna njia nyepesi zaidi. Kibali hakiwezi kuzidi miezi kumi na miwili. Mhusika hupewa mwakilishi, na anaweza kulifikisha jambo lake mbele ya mahakama maalumu kwa msaada wa kisheria usioangalia kipato chake. Mwaka 2014 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo, kwa kalamu ya Jaji Hale, ilirahisisha swali la nani hasa amenyimwa uhuru: ni yule aliye chini ya usimamizi na udhibiti wa kudumu, na ambaye hayuko huru kuondoka. Haijalishi kama anaonekana mwenye furaha, wala kama mahali penyewe ni pazuri. Jaji huyo aliandika kwamba tundu lililopambwa kwa dhahabu bado ni tundu.

Ningependa kusema kwamba baada ya hapo mambo yalinyooka, lakini hayakunyooka. Katika mwaka ulioishia Machi 2014 maombi ya vibali nchini England yalikuwa kama 13,700. Mwaka uliofuata, baada ya hukumu hiyo, yalizidi 137,000. Halmashauri zilizidiwa. Sheria inataka ombi la kawaida liamuliwe ndani ya siku 21, lakini wazee wengi wamekuwa wakisubiri miezi, na wapo waliofariki foleni ikiwa haijawafikia. Bunge lilipitisha utaratibu mwingine mwaka 2019 ili kuchukua nafasi ya ule wa kwanza, kisha mwaka 2023 serikali ikauahirisha. Nayataja haya kwa sababu kuna namna ya kuandika kuhusu haki ambayo huchukulia kila cha Ulaya kuwa kipimo, na sitaki kuifuata. Karatasi laki moja na zaidi si lazima ziwe ulinzi wa watu laki moja. Hata hivyo kuna jambo moja katika utaratibu wao ambalo ningelichukua hata kama mengine yote ningeyaacha: anayeshika ufunguo haruhusiwi kuwa peke yake katika kuamua, na uamuzi wenyewe una tarehe ya kwisha.

Na kwetu je? Nilianza kuipekua sheria kama mtu anayemtafutia nduguye, si kama mtoa semina. Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 inamtofautisha mgonjwa anayelazwa kwa hiari yake na anayelazwa bila hiari, na kila njia ina utaratibu wake. Kwa hiyo shangazi angelazwa katika wodi ya akili pale Bugando, au akapelekwa Mirembe kule Dodoma, ningejua pa kuanzia. Lakini hakulazwa. Mwanzoni alikuwa ndani ya nyumba ya mdogo wake, na sasa yumo katika kituo kinachojiita makazi. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inasema maneno mema juu ya mtu aliyefikia miaka 60, lakini sera haimpi mtu mlango wa kuingilia mahakamani.

Mlango huo upo kwingine, na ni mpana kuliko nilivyodhani. Kwanza ni Katiba yenyewe. Sehemu yake ya haki za binadamu iliingizwa mwaka 1984 na ikaanza kuweza kudaiwa mahakamani mwaka 1988, na Ibara ya 15 haisemi kwamba anayekatazwa kufungia watu ni polisi peke yake. Kisha kuna uwezo ambao Mahakama Kuu inao chini ya Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, wa kuamuru mtu anayeshikiliwa isivyo halali aletwe mbele yake na kuachiliwa, awe mikononi mwa mamlaka ya umma au mikononi mwa mtu binafsi. Maneno hayo ya mwisho niliyapigia mstari mara mbili. Nayo Kanuni ya Adhabu inalitaja kosa la kumfungia mtu isivyo halali. Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, iliyoundwa kwa mujibu wa Ibara ya 129 ya Katiba, ina mamlaka ya kukagua magereza na sehemu nyingine wanamozuiliwa watu.

Tatizo ni kwamba milango yote hiyo inamtaka mtu wa kubisha hodi. Mahakama Kuu Kanda ya Mwanza haiko mbali na shangazi kwa daladala, lakini anayesahau kama mumewe amekufa hataandika kiapo. Atakayemwandikia ni ndugu, na ndugu ndio waliomfungia. Mimi ni mmoja wao. Ningeweza kumshtaki baba mdogo, na ninaamini hoja ningekuwa nayo, lakini baada ya kushinda ningempeleka wapi shangazi, na nani angelipa ada ya mwezi? Hapo ndipo niligundua kwamba sheria yetu imejengwa kwa ajili ya kufungua mlango, wakati shangazi hakuwa akihitaji mlango ufunguliwe na kuachwa wazi. Alihitaji mtu mwingine aje kuutazama ule mlango kila baada ya muda, na kuuliza kama bado kuna sababu ya kuufunga.

Kuna watakaosema kuwa haya ni mambo ya Ulaya, na kwamba Mwafrika hamuombi jirani kibali cha kumtunza mama yake. Kwa hao nina kesi ya Gambia. Watetezi wawili wa haki za wagonjwa wa akili, Purohit na Moore, waliifikisha nchi hiyo mbele ya Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na za Watu kwa ajili ya wagonjwa waliowekwa katika kitengo cha Campama cha hospitali ya Royal Victoria. Sheria iliyotumika ilikuwa ya zama za ukoloni, na hata jina lake lilihusu kuwaweka vichaa kizuizini. Iliruhusu mtu kuwekwa ndani bila kikomo, haikuwa na njia ya kupitia uamuzi upya, wala ya rufaa, wala ya msaada wa kisheria. Mwaka 2003 Tume iliamua kwamba Gambia ilikuwa imevunja ibara kadhaa za Mkataba wa Afrika, ikiwamo ya utu na ya haki ya kusikilizwa. Ajabu yake ni kwamba juu ya ibara ya uhuru, ya 6, Tume ilisita, ikisema kwamba ibara hiyo haikukusudiwa kuwahusu watu waliowekwa mahali kwa sababu wanahitaji matibabu. Mimi naona walikosea hapo, na walikosea kwa namna ile ile walivyokosea Malordi watatu: walimtazama anayetunzwa wakasahau kuwa amefungiwa. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, ni mkali zaidi, kwani Ibara yake ya 14 inasema kuwa kuwepo kwa ulemavu hakutakuwa kamwe sababu ya kuhalalisha kumnyima mtu uhuru. Wapo wanaoisoma kiasi cha kusema kwamba hata vibali vya Waingereza ni makosa. Sijafika huko, nikikumbuka mwalo ule saa tisa usiku, nashindwa kufika.

Tena si lazima twende hadi Banjul. Mauaji ya watu wenye ualbino yalipopamba moto katika mikoa yetu, watoto wengi walikusanywa na kuwekwa penye ulinzi, katika shule za Mitindo hapa Misungwi na Buhangija kule Shinyanga. Uamuzi huo uliokoa roho, na sitasema vinginevyo. Lakini hatua ya dharura haina desturi ya kujiuliza yenyewe kama dharura imekwisha, na wapo watoto waliokaa miaka nyuma ya ukuta uliojengwa kwa ajili yao, mbali na mama zao, bila mtu mwenye wajibu wa kukaa chini kwa kila mtoto, kwa jina lake, na kusema tarehe fulani tutaangalia tena.

Nilimwendea afisa ustawi wa jamii, mama mmoja mwenye maneno machache. Alinisikiliza hadi mwisho, akaniambia kwamba yeye hana karatasi ya kumtoa shangazi wala ya kumweka, lakini hakuna karatasi inayomzuia kwenda kumtazama. Alikwenda. Alimkuta shangazi amekaa, msafi, amenenepa kidogo, na mwenye usingizi saa nne asubuhi. Aliomba kuona maandishi ya daktari aliyeagiza kile kidonge, na hayakuwapo. Alipouliza ni lini kituo kitapitia upya hali ya mzee huyu, aliambiwa kwamba hakuna aliyelalamika.

Kikao cha ukoo kilifanyika Buzuruga, Jumapili mchana. Baada ya shikamoo na chai nilieleza nilichokiona, nikataja Katiba, na hapo nilikosea, kwa sababu baba mdogo aliniangalia kwa muda kisha akasema taratibu: “Mwanangu, unataka tumwache dada yangu azame ndipo sheria ifurahi?” Sikuwa na jibu, na sidhani kama lipo jibu ambalo mtu mwenye haki angeweza kumpa mwanamume aliyemvusha dada yake ziwa ili asiuawe. Nilichoweza kusema ni kwamba simwombi aache kumlinda. Namwomba asimlinde peke yake. Ilichukua saa mbili na hasira za watu wawili, na shemeji mmoja aliondoka kabla ya chakula, lakini tulikubaliana kulifungulia jambo hili daftari. Daftari hilo linakaa kwa mwalimu mstaafu anayeishi mtaa huo huo, ambaye si ndugu yetu na hana ufunguo wa mlango wowote tunaouzungumzia. Ndani yake kila zuio limeandikwa kivyake: geti, wageni, kidonge, mlango wa chumba usiku. Mbele ya kila moja kuna sababu, jina la aliyeamua, na tarehe ya kuliangalia tena, isiyozidi miezi mitatu. Daftari hilo halina nguvu yoyote ya kisheria, na hakimu akilikataa sitamlaumu.

Siku ya kwanza tulikwenda wanne pamoja na afisa ustawi, na kwa mara ya kwanza tangu avushwe, shangazi aliulizwa anataka nini. Nilitarajia aseme anataka kurudi kwao, au aulize mtumbwi. Alifikiri kidogo, akasema anataka kiti chake kigeuzwe. Tulitazama. Kituo kile kiko juu ya mlima kidogo, na kutoka barazani ziwa linaonekana lote hadi visiwani, lakini viti vyote vilikuwa vimepangwa kuelekea ukutani, kwenye televisheni.

Kiti kiligeuzwa siku ile ile. Zuio la wageni liliondolewa, na imekuwa kweli kwamba tukiondoka analia, ingawa si kila mara. Kidonge kilipunguzwa baada ya daktari kumwona, kisha akakiachisha kabisa. Mlango wa chumba bado unafungwa kwa nje kuanzia saa tatu usiku, kwa sababu mhudumu wa zamu ni mmoja kwa wazee kumi na mmoja, na baba mdogo hajakubali ufunguliwe. Katika daftari jambo hilo limeandikwa kuwa halijaamuliwa, na tarehe yake ni Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao.